Kifusi: jinsi ya kukipanga kabla hakijafika kwenye mizani

Kazi yangu ni kupokea malori ya kifusi kwenye kituo cha halmashauri. Lori likishapanda kwenye mizani, dereva ananipa karatasi zake, nami napanda ngazi ya chuma iliyo kando kuuchungulia mzigo kutoka juu. Haichukui muda. Mzigo huu uende kwenye mashine ya kusaga, huu uende kwa wachambuaji, huu ukafukiwe. Ada za njia hizo tatu hazilingani, na ya kufukia ndiyo inayouma. Mwenye kulipa huwa hayupo getini. Angekuwepo angeona kwamba pale juu mimi siamui kitu kikubwa. Walioamua ni vibarua wake, siku ile walipomwaga mabaki ya dari juu ya zege safi kwa sababu kontena hilo ndilo lililokuwa karibu.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanza mbali na geti langu. Ni wa mtu anayebomoa au kukarabati jengo, na wa fundi anayemsimamia. Karibu na mwisho nina maneno machache kwa wenzangu wa halmashauri.

Pita ofisini kwanza

Kabla ya kumtafuta mwenye lori, nenda ofisi inayoshughulikia taka. Uliza kama ubomoaji wako unahitaji kibali, na kama kibali cha ujenzi ulicho nacho kinatosha. Uliza kontena linaruhusiwa kukaa wapi, maana likikaa nje ya uzio wako, hata nusu ya magurudumu tu, mara nyingi linahitaji ruhusa ya barabara. Omba orodha ya wasafirishaji waliosajiliwa. Halafu uliza swali ambalo watu hulisahau: kituo kinapokea nini na kinakataa nini, na mzigo unatakiwa uwe safi kiasi gani ndipo uhesabiwe kuwa safi. Jibu la swali hilo ndilo litakalokuambia marundo mangapi unayahitaji.

Miji mingine ina masharti ya wazi kabisa. Hong Kong, tangu 2006, mzigo wa ujenzi una milango mitatu: ulio mawe, zege na udongo mtupu una mahali pake, ule ambao zaidi ya nusu ya uzito wake ni vitu hivyo unakwenda kuchambuliwa, uliobaki unakwenda jaani, na ada hupanda kadiri mchanganyiko unavyozidi. San José, California, huchukua amana kwa mwenye kazi na kuirudisha akionyesha ushahidi kwamba taka zake zimepelekwa kunakostahili. Ukiwa mahali penye utaratibu wa amana, weka faili tangu siku ya kwanza. Bila karatasi fedha hairudi, hata kama kazi umeifanya vizuri.

Zunguka jengo na daftari

Ingia kila chumba, anzia juu ushuke chini, uandike kilichopo: dari ya nini, sakafu ya nini, bomba za nini, paa la nini. Unatafuta vitu vya aina mbili, vya hatari na vya thamani. Vya hatari ndivyo vinavyotangulia kutoka.

Kinachonitia hofu kuliko vyote ni asbesto, madini yenye nyuzi yaliyochanganywa kwenye vifaa vya ujenzi. Kwenye majengo ya zamani imo kwenye mabati ya saruji yenye mawimbi, bodi za dari, bomba za maji za saruji, vigae vya sakafu na vifuniko vya bomba za maji ya moto. Nyuzi zake ni nyembamba mno kuonekana, zikiingia kwenye mapafu hazitoki, na saratani inayoletwa nazo huweza kujitokeza baada ya miaka ishirini, thelathini au zaidi. Hakuna fundi anayeweza kukuapia kwa macho kwamba bodi fulani haina asbesto. Maabara ndiyo yenye kauli. Kama jengo ni la zamani na una shaka, usitoboe, usikate, usivunje, usifagie vumbi likiwa kavu. Ita watu wenye leseni. Wao huilowesha kwanza, huishusha ikiwa nzima, huifunga kwa tabaka mbili za plastiki nene na kuibandika alama. Kipande kimoja kilichovunjika kikiingia kwenye kontena la matofali, kontena zima linakuwa taka hatari. Nimewahi kurudisha mzigo wa namna hiyo, na dereva alinitazama kana kwamba namwonea.

Vingine vya kutoa mapema ni taa za mirija, ambazo zina zebaki ndani na zinatakiwa zitoke nzima nzima, viyoyozi na majokofu, ambayo gesi yake inafyonzwa na fundi mwenye kifaa, matangi yaliyokuwa na mafuta, na betri. Rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi, kwa hiyo usizikwangue kavu wala kuziunguza kwa moto. Mbao zenye rangi ya kijani iliyofifia, hasa nguzo na mbao za nje, huenda zilitiwa dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki. Usizichome hata kidogo. Aseniki hubaki kwenye majivu, na majivu hayo watu huyamwaga bustanini.

Pima, kwa sababu macho yanadanganya

Watu huagiza lori kwa kutazama ukuta. Chukua futi ya kupimia. Ukuta wa matofali wenye urefu wa mita 10, kimo cha mita 3 na unene wa sentimita 20 pamoja na plasta una ujazo wa mita 6 za ujazo ukiwa umesimama. Ukianguka unavimba, kwa sababu kati ya vipande kuna nafasi za hewa. Zidisha kwa moja na nusu upate kama mita 9. Uzito wake hauvimbi: tofali na plasta ni kama tani 1.9 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo unazungumzia tani 11 na kitu. Zege ni zito zaidi, karibu tani 2.4, na likiwa na nondo linaongezeka.

Maana yake ni kwamba kwa kifusi kizito, lori linaishiwa uzito kabla halijajaa. Dereva akikuambia bado kuna nafasi, nafasi ipo, ila ekseli imekwisha kufika kikomo. Kwa mbao na dari ni kinyume: lori linajaa haraka likiwa jepesi, na unalipa safari ya hewa. Kwa hiyo kontena la kifusi liwe dogo, la mbao na dari liwe kubwa. Mbao zipangwe kwa kulala, zisirushwe.

Bomoa kwa kurudi nyuma

Utaratibu ni ule wa ujenzi ukiugeuza. Kilichofungwa mwisho kinatoka kwanza. Baada ya umeme, maji na gesi kukatwa na watu wanaohusika, na wewe kuthibitisha kwamba kweli vimekatwa, toa milango na fremu zake, madirisha, sinki, vyoo, makabati, swichi na nyaya. Kisha dari. Kisha paa, halafu mbao za paa. Mpaka hapo jengo limebaki mifupa ya tofali na zege, na mashine ikiingia inaangusha mzigo wa aina moja. Mashine ikiingia siku ya kwanza, inakupa lundo ambalo hakuna atakayelichambua kwa faida.

Nitakaa kidogo kwenye dari na kuta za jipsamu, maana ndizo zinazoharibu mizigo mingi ninayoiona. Jipsamu, ule unga mweupe ulio ndani ya bodi za dari, ina salfeti, aina ya chumvi. Ikisagwa pamoja na zege, kokoto inayotoka inabeba salfeti hiyo, na ikitumika kwenye kitu chenye saruji na unyevu, inavimba polepole na kupasua kilichojengwa juu yake. Ikifukiwa jaani pamoja na taka zinazooza, mahali penye maji na pasipo na hewa, bakteria huila salfeti na kutoa haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya yai viza, ambayo ikiwa nyingi inaua. Ndiyo maana Ulaya hawaruhusu jipsamu ifukiwe pamoja na taka zinazooza. Lakini jipsamu hiyo hiyo ikiwa kavu na safi inaweza kusagwa ikawa bodi mpya, tena na tena.

Basi ishushe kwa kufungua skrubu pale unapoweza, bodi zitoke kubwa kubwa. Ng'oa vipande vya fremu ya chuma. Zilaze juu ya mbao ili zisiguse ardhi, uzifunike kwa turubai. Baada ya hapo fagia chumba, hadi kwenye pembe, kabla hujaanza kuvunja ukuta. Kufagia huko, ambako kila kibarua hukuona ni usumbufu, ndiko kunakotenganisha mzigo wa mashine ya kusaga na mzigo wa kufukiwa.

Marundo

Kama nafasi ipo, ninapenda marundo sita: zege na matofali, chuma na metali nyingine, mbao zisizo na dawa, jipsamu, udongo, na mchanganyiko usiofaa kitu. Vya hatari vikae mbali, kwenye sehemu yenye paa na kufuli. Lakini afadhali marundo matatu yanayoheshimiwa kuliko manane yaliyoachwa kujichanganya. Kama kiwanja ni finyu, tenga kwa siku badala ya kutenga kwa nafasi: juma hili kontena moja linabeba mbao peke yake, likiondoka linakuja la kifusi.

Maandishi kwenye kontena hayasomwi na mtu mwenye toroli zito mikononi. Chukua kipande cha kitu chenyewe, mfano kipande cha ubao au cha tofali, ukifunge kwa waya juu ya mdomo wa kontena, mahali macho yanapofika kabla ya mikono. Hilo linaeleweka kwa kila mtu, hata aliyeanza kazi asubuhi hiyo. Weka pia pipa la taka za kawaida pale vibarua wanapopumzikia. Chupa na mifuko ya plastiki ninayoikuta juu ya kifusi safi haikutoka kwenye jengo. Ilitoka kwa watu waliokosa pa kuitupa. Na jioni funika makontena. Lililo wazi usiku hukutwa asubuhi na godoro la jirani.

Vumbi la zege na tofali lina silika, chembe kali za mchanga, nayo huharibu mapafu, kwa hiyo lowesha wakati wa kuvunja na uvae barakoa ya vumbi inayobana vizuri, si kitambaa. Ila lowesha kwa kunyunyizia. Ukimwaga maji kwa bomba, utayalipia kwenye mizani.

Kinachobaki kwako

Si kila kitu kinatakiwa kufika kwangu. Matofali yaliyojengwa kwa chokaa yanaachia vizuri; unakaa, unalisimamisha tofali, unapiga tindo sambamba na uso wake, na chokaa inabanduka kama ganda. Yaliyojengwa kwa saruji kali mara nyingi yanavunjika kabla saruji haijaachia, na hayo usiyapotezee muda. Gonga matofali mawili kwa pamoja: lililo zima linalia kwa sauti ya juu, lenye ufa linatoa sauti butu. Matofali laini yaliyokuwa ndani usiyapeleke ukuta wa nje yakapigwe na mvua.

Zege lililovunjwa na kusagwa linafaa sana kuwa kifusi cha chini ya sakafu au njia ya magari, mradi halina plasta ya jipsamu, mbao wala udongo wa juu. Limwage kwa tabaka za sentimita 15 hivi, ushindilie kila tabaka kabla ya kuongeza nyingine. Ukimwaga lote kwa mpigo, juu patakaza na chini patabaki panatitia. Kulitumia kwenye zege la kubeba jengo ni kazi ya mhandisi na vipimo vyake, si ya kubahatisha.

Nondo zilizonyooshwa zisirudi kwenye nguzo wala boriti. Chuma kilichokunjwa na kunyooshwa kimekwisha kuchoka mahali usipopaona. Kiuze kama chuma chakavu, kinayeyushwa na kuwa chuma kipya bila kupungua thamani. Nyaya za shaba uza na gamba lake au uchune kwa kisu. Kuzichoma ili kupata shaba kunatoa moshi wenye sumu iitwayo daioksini, na shaba yenyewe inatoka ikiwa imeungua na bei yake kushuka. Aluminiamu ya madirisha itenge na chuma; sumaku inatosha kuzibagua. Kuyeyusha aluminiamu ya zamani kunaokoa karibu asilimia 95 ya nishati ya kuitengeneza upya kutoka kwenye madini, ndiyo sababu wanunuzi huigombania.

Mbao ng'oa misumari yote, upapase kwa kitu cha chuma kabla ya kupitisha msumeno, ukate ncha zilizooza. Udongo wa juu wenye rutuba utenge na wa chini, kimo cha rundo kisizidi mita 2, na gari lisipite juu yake.

Upande wa ujenzi mpya kuna taka moja ambayo huwa haihesabiki kuwa taka: maji ya kuoshea mashine ya kuchanganyia zege. Yana ukali wa magadi makali, pH 12 au zaidi, yanachoma ngozi na kuua samaki yakifika mtoni. Chimba shimo, tandika plastiki nene, oshea humo. Maji yakikauka, linabaki bamba la zege gumu; livunje uliweke kwenye rundo la zege.

Lori na karatasi

Jihadhari na msafirishaji ambaye bei yake ni ndogo kuliko ada ya kituo peke yake. Hesabu hiyo haina siri: hafiki kituoni. Mzigo unaishia bondeni au kando ya mto, na ukikutwa una bahasha yenye jina lako ndani, ni wewe utakayetafutwa. Katika sheria za nchi nyingi, mwenye taka hajavuliwa wajibu kwa sababu tu lori limeondoka.

Kila safari idai stakabadhi ya mizani. Iwe na tarehe, namba ya gari, uzito wa kuingia, uzito wa kutoka na aina ya mzigo. Piga picha ya mzigo kabla haujafunikwa na turubai, namba ya gari ikionekana. Mali bila daftari huisha bila habari, na kifusi nacho ni mali mpaka pale kitakapopokelewa. Kila mwisho wa juma jumlisha uzito uulinganishe na ule uliopiga hesabu mwanzoni. Kama ukuta wa tani 11 umetoa stakabadhi za tani 5, sehemu ya mzigo imekwenda kusikojulikana, na ni heri ulijue hilo wakati mkataba bado uko mkononi.

Kwa wenzangu wa halmashauri

Adhabu peke yake haitusaidii kama njia halali ni ya mbali na ya gharama. Mtu aliyebadilisha vigae vya bafu ana viroba vichache; hawezi kukodi tipa. Anahitaji kituo kidogo karibu, kinachopokea toroli na gari dogo, la sivyo viroba hivyo tutaviokota mtaroni kwa fedha zetu. Ada ya mzigo safi iwe chini ya mzigo uliochanganywa kwa tofauti inayoonekana, na ibandikwe getini ili dereva asijadiliane nami.

Kubwa zaidi ni kununua. Nimeona mashine ya kusaga ikifanya kazi vizuri huku mlima wa kokoto ukikua nyuma yake, kwa sababu zabuni za barabara za halmashauri ile ile zilidai kokoto ya machimbo tu. Ziandikwe kwa kiwango cha ubora, si kwa asili ya kokoto.

Na tuangalie tunapima nini. Umoja wa Ulaya, ambako taka za ujenzi na ubomoaji ni zaidi ya theluthi ya taka zote, ulijiwekea mwaka 2008 lengo la kutumia tena au kuchakata asilimia 70 ya taka hizo ifikapo 2020. Kipimo ni uzito, na kujazia mashimo kwa kifusi kunahesabiwa. Kwa kipimo hicho zege lililojazwa shimoni linang'arisha takwimu, na mlango mzuri wa mbao ngumu hauonekani. Portland, Oregon, walipita njia nyingine mwaka 2016: nyumba za zamani za umri fulani zifumuliwe kwa mkono badala ya kuangushwa na mashine, ili mbao zitoke nzima. Inachukua muda zaidi na watu zaidi, na kwa mji wenye vijana wasio na kazi sioni kwamba hilo ni hasara.

Mwisho wa kazi, kabla ya kuwalipa vibarua siku ya mwisho, zunguka kiwanja. Angalia nyuma ya uzio, chini ya ngazi na kwenye mtaro wa mbele, uhakikishe shimo la kuoshea zege limefukuliwa na plastiki yake imetoka. Kisha panga stakabadhi kwa tarehe, weka nakala zako, uzipeleke ofisini na ombi la kurudishiwa amana. Angalia na tarehe ya mwisho ya kuomba. Mara nyingi imeandikwa nyuma ya kibali, kwa herufi ndogo.